Nimekufa Miaka Minne Kwenye Fomu ya Shule

"Mama yangu alikufa kwenye mafuriko."

Maneno hayo aliyasema mwanangu wa kumzaa mwenyewe, kwenye maiki, mbele ya ukumbi uliojaa watu…

Na mimi mama yake nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma, mzima kabisa, nimeshika dekio!

Watu wakatoa leso. Dada mmoja mbele yangu alilia mpaka mabega yakatikisika. Nilitamani nimguse nimwambie, usilie dada, marehemu yuko nyuma yako.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkamhukumu mtoto bure.

Miaka minne iliyopita maji yaliingia mtaani kwetu asubuhi, tukinywa chai. Yakamchukua mume wangu. Yakachukua nyumba. Mimi yakanivunja mguu mahali pawili, nikalazwa miezi miwili.

Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa amefaulu kwenda sekondari.

Nikiwa wodini ikaja taasisi moja ya misaada. Sitawasema vibaya, nitakuwa mwongo. Waliijenga upya shule kwenye mwinuko, wakafunga king'ora cha kutuonya maji yakipanda, wakawafundisha wanawake kushona na kila mmoja akaondoka na cherehani yake. Na wakasomesha watoto.

Kaka yangu, fundi baiskeli, ndiye aliyempeleka binti kujaza fomu.

Siku natoka hospitali akanikalisha kitako.

"Dada, usikasirike. Nimeandika umekufa."

"Nini?!"

"Fomu inauliza kama mtoto ni yatima. Baba kweli hayupo. Nikaona wewe ukiwepo watamwacha. Foleni ilikuwa ndefu, dada, nikaandika haraka haraka."

"Kaka… umeniua?"

"Kwenye karatasi tu! Akimaliza shule unafufuka."

Nililia, nikamtukana, halafu nikakubali. Ndiyo, nilikubali! Ukinipa nichague jina langu au shule ya mwanangu, hata leo nitachagua shule.

Basi nikawa mama mdogo. Siku za kutembelea wanafunzi nilikwenda kama mama mdogo. Tukamzoesha hivyo hivyo hadi nyumbani, asije akateleza mbele za watu. Akisema "mama", mjomba wake anamkata jicho. Siku moja nilimfinya mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu.

Cherehani nazo zikanipita. Ningejiandikishaje na jina langu liko kwa marehemu? Ndiyo maana nasafisha kumbi za kukodi. Na ukumbi ambao taasisi iliukodi safari hii, kuwaaga watoto waliomaliza, ukawa huo ninaodeki mimi!

Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu. Amalize, aniite mama.

Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Makofi yalipokwisha akaja pale nilipo, barua mkononi. Mkurugenzi wa taasisi, mama mtu mzima, kamshika bega. Kaka yangu nyuma yao, na shati la kuazima.

"Shikamoo mama," nikamsalimia mkurugenzi.

"Marahaba. Wewe ni nani wake?"

Nikamtazama binti yangu. Sema mwanangu, nikaomba moyoni. Umemaliza, sema sasa!

"Ni mama yangu mdogo," akajibu. Hata hakupepesa.

Kaka akaninong'oneza sikioni, "Amepata chuo cha uuguzi, wanamlipia wao. Miaka mitatu mingine tu, dada, vumilia."

Mitatu mingine?! Jamani…

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Natamani mama yake angekuwepo. Leo nimewapa mikono akina mama wengi hapa."

"Akina mama gani?"

"Wa hawa watoto."

"Kwani si yatima wote?"

Akanishangaa. "Nani kakwambia? Tunachukua mtoto yeyote aliyepoteza makazi. Yatima wanajaziwa ukurasa wa kwanza, wenye mzazi ukurasa wa pili. Fomu ni hiyo hiyo."

Nikamgeukia kaka.

"Uligeuza karatasi?"

Akaanza kuvutavuta mikono ya lile shati.

"Kaka, nakuuliza! Uliigeuza?!"

"Foleni ilikuwa ndefu," akasema, machozi yanamtoka.

Dekio likaniponyoka.

"Mama," nikamwambia mkurugenzi, "marehemu ni mimi. Mtoto hana kosa, tulimfundisha sisi."

Nikadhani ataita mlinzi. Kisha akaniuliza jina langu, akaliandika mwenyewe kwenye daftari lake.

"Chuo ataenda. Siwezi kumfukuza mtoto kwa uongo wa wakubwa. Nyie wawili, kesho ofisini kwangu."

Mnadhani yameisha hapo? Na mimi nilidhani hivyo!

Tulirudi nyumbani mchana ule ule. Nikafunga mlango, nikamshika binti yangu mikono yote miwili.

"Yamekwisha. Niite sasa."

Akafungua mdomo. Midomo ikacheza, cheza… hakikutoka kitu. Akalia sana, nikamwacha.

Alipotulia akaingia jikoni kunisaidia kupika. Mara nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa.

"Mama mdogo, chumvi iko wapi?"

Na wala hakugundua alichosema.

Nikamwambia iko kwenye kopo la buluu. Nikatoka uani nikalia na kanga mdomoni asinisikie.

Ndugu zangu mnaosoma, ukipewa fomu igeuze. Usipoelewa, uliza aliyekaa mezani, hata foleni ikikuzomea. Na usimfundishe mtoto kukukana ukidhani siku ukitaka utamfundisha kurudi. Nawaambia mimi niliyemfinya.

Jina langu limesharekebishwa kule ofisini, nipo hai kwenye karatasi zao zote.

Leo ni wiki ya tatu. Humu ndani bado naitwa mama mdogo.