Avelina Si Mtoro

Walburga anaishi Mapera, wilaya ya Mbinga. Ni mjane. Analea binti mmoja, Avelina, na anamtunza mama mkwe wake ambaye miguu yake haina nguvu tena. Msimu wa kahawa ukifika, hutoka alfajiri kwenda kuchuma kwenye mashamba ya watu. Shamba lake mwenyewe hulifikia jioni, mgongo ukimuuma. Tuseme ukweli, uchovu wa Walburga si ule wa kulala ukaamka mzima.

Asubuhi Avelina ndiye humwogesha bibi na kumpikia uji. Kisha hukimbia shuleni, na hufika amechelewa.

Mwalimu wa darasa la sita ni Damiano. Ana wanafunzi tisini na wawili na sauti iliyokauka. Anayechelewa hupiga magoti kwenye kokoto, chini ya bendera, mpaka kipindi cha pili. Avelina alipiga magoti wiki mbili. Wiki ya tatu alikata kona, akajificha katika shamba lao mpaka saa za shule zikaisha. Ikawa hivyo kila siku. Ili asikae bure, alichuma kahawa.

Jioni Walburga alikuta kikapu kimejaa chini ya mibuni. Alidhani shemeji yake, Othmar, anamsaidia, akamshukuru. Othmar hakujua lolote, lakini shukrani alizipokea.

Kisha ikaja barua. Avelina ni mtoro, siku thelathini na moja. Akiendelea, jina lake litafutwa shuleni. Walburga aliishia darasa la nne, na kitu alichokuwa akikiomba kila Jumapili ni mtoto wake amalize. Alimuuliza Avelina, naye akalia na kusema yote. Kesho yake walikwenda shuleni pamoja.

"Mwalimu, mwanangu anaogopa yale magoti," Walburga alisema.

"Mama Avelina, nina watoto tisini na wawili. Nifanyeje?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, kama Walburga tu.

Mwalimu wa taaluma, Hilda, alikuwa ofisini akisahihisha madaftari. Alimuuliza Damiano binti huyu anaishi na nani. Damiano hakujua. Amemfundisha miaka miwili, na hakujua. Aliona aibu, akainamisha kichwa.

"Hata mimi nilikuwa hivyo," Hilda alisema. "Mtoto akiona mwalimu anamjali, atakuja hata kama amechelewa. Akijua anasubiriwa na kokoto, atakimbia. Anayechelewa mkaribishe, akae, asome. Sababu muulize baadaye, mkiwa wawili. Na kila siku zungumza na watoto watatu. Uliza nyumbani kuna nani, na kuna shida gani."

Damiano aliuliza kama hiyo si kazi nyingine juu ya kazi.

"Ni kazi," Hilda alijibu. "Lakini kuwatafuta watoro ni kazi kubwa zaidi."

Jumamosi Damiano alikwenda kwa Walburga. Bibi alimsemesha kwa Kimatengo. Mwalimu ni mgeni wa huku, alielewa nusu tu, na bibi akamcheka. Walikubaliana Avelina akichelewa aingie darasani moja kwa moja. Othmar aliposikia habari ya kikapu aliona haya. Tangu hapo mke wake akawa anampikia bibi uji siku tatu kwa wiki.

Avelina alirudi shuleni. Baada ya mwezi mmoja watoro wengine sita walikuwa wamerudi pia. Damiano bado anachoka, lakini sasa hapigi kelele sana.

Mwezi wa kumi na moja bibi alifariki. Avelina hakuonekana shuleni siku tatu. Safari hii Damiano hakuandika kwamba ni mtoro. Alikuja msibani na darasa lake, wakachota maji, wakabeba kuni.

Siku ya nne Avelina alifika shuleni saa tatu, macho yamevimba. Nyumbani hakukuwa tena na bibi wa kuogeshwa wala wa kupikiwa uji. Alichelewa tu. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Avelina. Karibu."

Damiano hakumuuliza sababu. Alimwonyesha pa kukaa, akaendelea kufundisha.