Imekwama Asilimia Sitini na Mbili

Ujumbe uliingia kwenye Tecno yake saa saba na dakika kumi mchana.

"Pondu imeiva. Epua sufuria."

Pétronille Bolamba aliufuta, akaegemeza fagio ukutani. Maana yake ilikuwa moja tu: Léon, mwenye yadi, ametoka; chukua diski.

Kwa wiki tatu alikuwa amefagia yadi ile ya ukingoni mwa Mto Kongo, kilemba kichwani, ndala miguuni. Watu wa yadi walimwita Mama Petro. Hakuna aliyejua kwamba chini ya kitenge chake kulikuwa na bastola ya Jericho, wala kwamba ndani ya ndoo yake, chini ya matambara, kulikuwa na kompyuta ya ThinkPad. Mshahara wake halisi ulitoka idara ya ujasusi.

Aliingia na ndoo yake ndani ya kontena la chuma ambalo Léon aliligeuza ofisi. Droo ya tatu. Kufuli lake dogo lilisalimu amri kwa sekunde tisa. Diski ilikuwa nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni.

Nyayo nje.

Alijibana nyuma ya kabati. Mlinzi, mzee Kasongo, alikuwa mlangoni, simu sikioni.

"Ndiyo, patron. Nafunga sasa. Hapana, hakuna mutu."

Mlango ulijibamiza. Komeo likasukumwa. Kufuli likalia.

Pétronille alibaki amesimama palepale, diski mkononi. Kontena halikuwa na dirisha. Lilikuwa na tundu moja la hewa, upana wa kiganja, na jua la Kisangani lilikuwa limekaa juu ya paa lake.

Mtandao wa satelaiti wa Léon ulikuwa unafanya kazi, na neno lake la siri lilibandikwa chini ya meza ambayo Pétronille aliipangusa kila siku. Alimpigia mkuu wake, Papa Célestin, aliyekuwa katika kambi ya jeshi ya Kapalata, akinong'ona.

"Diski niko nayo, papa. Lakini wamenifungia ndani."

"Sikia vizuri. Léon anarudi saa kumi kuchoma kila kitu ya ile bureau. Boti zake tatu zilitoka alfajiri. Saa tisa na nusu zinapita Isangi. Moja inabeba vilipuzi, inaingia mto Lomami, inaenda Opala. Jumamosi ni siku ya soko."

"Ni boti gani?"

"Hatujui. Kila moja iko na abiria zaidi ya mia. Luteni Nephtali iko Isangi na pirogue moja, mtumbwi ya moteur, askari nane. Anaweza kusimamisha moja tu. Akikosea, ile ingine inapita."

"Mukuje munitoe hapa."

"Tukivamia yadi sasa, Léon atapiga redio. Boti itageuka." Sauti ya mzee ilishuka. "Jina iko ndani ya diski, binti yangu. Fungua diski."

Dada yake mkubwa, Marthe, aliuza samaki wa kukausha katika soko la Opala. Pétronille hakulitaja hilo. Papa Célestin alilijua.

Saa saba na dakika ishirini na tano.

Neno la kufungulia diski alikuwa nalo. Alilisoma wiki iliyopita kwenye vidole vya Léon, akijifanya anafuta vumbi. Aliitoa ThinkPad kwenye ndoo, akaiunganisha na mtandao wa Léon, akachomeka diski. ThinkPad ikakataa. Haikuwa na programu ya kufungua diski iliyofungwa kwa namna ile.

Akampigia Larissa, fundi wa idara, aliyejificha katika mkahawa mmoja wa intaneti, mtaa wa Mangobo.

"Bon," Larissa alisema. "Ile machine yako iko na Linux. Andika apt install, halafu cryptsetup, ile programu ya kufungua diski. Dakika mbili unamaliza."

Pétronille aliandika. Akabonyeza.

Mstari mmoja ukatokea: inasubiri kufuli. Kisha hakuna kilichosogea.

Dakika moja. Tatu. Tano.

"Larissa, imekwama."

"Usizime machine! Na usifute faili ya lock. Kuko programu ingine inashika mlango. Soma namba yake."

"Elfu moja mia tatu na kumi na mbili."

"Ndiyo ile. Ni mise à jour, machine inajisasisha yenyewe. Machine ilikaa siku nyingi bila internet, sasa imeona satelaiti, inapakua vitu mupya. Isimamishe kwa upole. Andika kill na ile namba. Usiongeze nguvu."

Aliandika. Kufuli likaachiwa. Kisha, kwa amri nyingine ya Larissa, aliitaka mashine imalizie vipande ilivyoviacha nusu. Mistari ilishuka, ikaisha. Akaanza upya.

Asilimia sifuri. Inaunganisha.

Asilimia sifuri.

Jasho lilimdondoka kidevuni hadi kwenye vitufe. Aligusa ukuta, akauondoa mkono upesi. Chuma kilikuwa kinaunguza. Alipeleka mdomo kwenye tundu la hewa, akavuta harufu ya matope na mafuta ya dizeli. Hatua nne kutoka hapo, Kasongo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akisikiliza misa kwenye redio yake ndogo.

Hatua nne. Angeweza kumwita, naye angefungua. Kisha angeona diski.

Saa nane na dakika kumi.

"Inaenda wapi?" Larissa aliuliza. "Nisomee adresi."

"Ndefu. Herufi na namba, nukta mbili nyingi."

"Ah! Inapita njia mupya, na satelaiti ya Léon haijui ile njia. Lazimisha ile ya zamani. Andika kama nakutumia, usikose hata nukta."

Aliandika mstari mrefu, herufi moja baada ya nyingine. Akaurudia kwa macho. Akabonyeza.

Asilimia tatu. Saba. Ishirini.

Alicheka bila sauti, kiganja mdomoni. Satelaiti ilikuwa nzito, mafaili yalikuja kama maji ya bomba la Jumapili. Arobaini. Hamsini. Saa nane na nusu ikapita. Saa tisa kasoro kumi.

Asilimia sitini na mbili.

Sitini na mbili.

Kishale kilikuwa kinapepesa. Hakikuwa kinakwenda popote.

"Larissa."

Simu ilikatika. Akapiga. Ikakatika. Badala ya Larissa aliingia Papa Célestin.

"Nephtali anaona moshi ya boti ya kwanza. Umefika wapi?"

"Imekwama tena."

"Zima, washa upya!"

"Hapana, papa."

"Pétronille, hiyo ni amri."

"Nikizima katikati, inaweza kukataa kuwaka. Tutapoteza yote. Unipe dakika tano."

Alikata yeye. Hakuwahi kumkatia simu mzee yule katika miaka kumi na moja. Macho yalikuwa yanawaka kwa chumvi ya jasho. Ghafla aliona kuta zinamsogelea, na akajua kwamba akikubali wazo lile atapiga kelele. Akaketi sakafuni. Akajilazimisha kufikiri kama Larissa: kuna kitu kinashika mlango. Ni nini?

Alifungua kidirisha cha pili cha amri, akaomba orodha ya kila kinachofanya kazi. Akaisoma mstari kwa mstari. Apt. Chini yake dpkg. Chini yake kitu kidogo alichokifahamu kwa jina tu: programu ya kuonyesha maswali kwenye skrini.

Maswali.

Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imemuuliza jambo, swali lenyewe halikuonekana, nayo ilikuwa inangoja jibu kwa adabu.

Alikiua kile kidogo. Akaiambia mashine imalizie ilipoachia, safari hii bila kumuuliza mtu lolote, ijijibu yenyewe.

Sitini na mbili. Sabini. Tisini na moja.

Mia.

Nje, injini ya Hilux ilinguruma langoni. Kasongo alizima redio.

"Patron! Umerudi mapema!"

Neno la siri. Diski ikafunguka. Faili tatu, kila moja na jina la boti. Sainte Marthe: mchele, sabuni. Dieu Merci: saruji, mabati. Bon Retour: chumvi, magunia arobaini na sita, na mbele yake neno moja: "maalum".

Aliwatumia Papa Célestin na Nephtali. "BON RETOUR. Chini ya chumvi."

Ufunguo ulikuwa unazungushwa kwenye kufuli.

Pétronille aling'oa waya wa taa ya ofisi. Taa ikafa. Akafunga kompyuta, akajibandika ukutani pembeni mwa mlango.

Léon aliingia kutoka kwenye jua kali, mtu mrefu mwenye shati jeupe, dumu la petroli mkono wa kushoto. Hakuona kitu. Pétronille alikuwa amezoea mwanga hafifu wa ndani, na alikijua kila kiti cha chumba kile. Alimpiga kwa kitako cha Jericho nyuma ya sikio. Dumu likaanguka. Léon alipiga magoti, mkono ukaenda kiunoni.

"Jaribu," Pétronille alisema, mdomo wa bastola shingoni mwake.

Hakujaribu.

Mlangoni, Kasongo alikuwa ameganda. "Mama Petro?"

"Papa Kasongo, kaa chini. Mikono kichwani. Pole pole, hakuna mutu atakufanya mubaya."

Mzee alikaa.

Nusu saa baadaye Tecno ilitetemeka. Sauti ya Luteni Nephtali, upepo wa mto ukivuma nyuma yake.

"Tumeisimamisha. Hakuna aliyepiga risasi. Magunia arobaini na sita, yote tumeyapata. Abiria wanashuka, wanalalamika juu ya kuchelewa."

"Waache walalamike," alisema.

Askari wa Kapalata walipofika, aliwakabidhi Léon, diski na dumu. Papa Célestin mwenyewe alishuka garini, akampa chupa ya maji. Aliinywa yote akiwa wima.

"Ripoti kesho," mzee alisema.

"Kesho, papa."

Alitoka langoni kwa ndala zake. Mwendesha toleka, baiskeli ya abiria, alifunga breki, akampangusia kiti cha nyuma.

"Mama, jasho yote hii! Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa naweka programu ndani ya ordinateur."

"Ni kazi ya nguvu?"

Pétronille alipanda, akakaa upande, akakunja kitenge chake vizuri.

"Inataka uvumilivu, papa. Twende Mangobo."