Glopu ya Jailos

Mwalimu Bertha alikuwa abiria wa bodaboda ya Anord tangu ahamishiwe kufundisha Mafinga. Sasa kila jioni anapotaka kurudi kwao, ng'ambo ya msitu wa Sao Hill, anampita Anord pale kijiweni na kupanda pikipiki ya Jailos.

"Usichukie, kaka Anord. Taa zake zinaona mbali."

Taa! Spoti mbili tu.

Jioni hiyo Anord alikwenda kwa fundi Zabron na glopu mbili kubwa.

"Nifungie hizi. Nataka zimzidi Jailos."

Zabron alizigeuzageuza. "Hizi zinakula umeme mno. Pikipiki yako inachaji kidogo na waya zake nyembamba, zitayeyuka. Jailos nilimfungia za LED, wati ndogo. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi, na relei ili mzigo usipite kwenye swichi. Nikufungie kama hizo."

"Kama hizo?" Anord alicheka kwa uchungu. "Nimekwambia zimzidi."

Akaondoka. Ukungu ulikuwa unashuka. Nyuma ya kiwanda cha mbao alimkuta mzee Filemoni, mnunuzi wa vyuma chakavu, ameketi juu ya magunia yake. Anord hakuwa amemwambia shida yake. Lakini mzee alimnyooshea glopu moja, ndogo, nyeusi kwa masizi.

"Hii haili umeme," akanong'ona.

"Inawakaje?"

"Mwanga hauongezwi, mwanangu. Unahamishwa. Taja jina la mwenye nao."

Anord angeweza kuondoka. Akamfikiria Bertha, mkono wake umetulia kwenye bega la mwenzake...

"Jailos."

Akaifunga palepale. Ikawaka nyeupe, ikapasua ukungu hadi akaona misonobari mti mmoja mmoja. Akavuta mafuta kuwafuata Jailos na Bertha. Awapite! Bertha aone!

Katikati ya msitu akasikia harufu. Si ya waya. Ya nywele zinazoungua.

Akazima swichi.

Taa haikuzima.

Akasimama, akachomoa fyuzi. Taa ikazidi.

Mbele, ndani ya mwanga ule, pikipiki ya Jailos ilikuwa imelala. Bertha ameketi kando ya barabara, ameshika goti. Jailos amesimama katikati ya njia, macho wazi, mikono inapapasa hewa.

"Bertha... mbona giza? Nani kazima taa?"

Spoti zake zote mbili zilikuwa zinawaka.

Hospitalini walisema macho hayana kasoro yoyote. Hayaoni tu.

Keshoye jioni Anord alirudi kwa Filemoni, taa ikiwaka yenyewe njia nzima. Mzee alijikinga uso kwa kiganja.

"Ichukue, baba. Mrudishie."

"Nilikuuliza jina. Wewe hukuuliza mwanga gani."

Anord aliogopa kuivunja. Akiivunja, atakuwa amevunja nini?

Siku ya tatu akaenda hospitalini kumwona Jailos. Aliegesha nje, akaifunika taa kwa koti. Ndani, Bertha alikuwa anamnywesha mgonjwa uji, kijiko kwa kijiko, taratibu. Na bado, Mungu amsamehe, wivu ukamchoma Anord.

Bertha alipotoka kuosha kikombe, Jailos alimvuta Anord mkono.

"Kuna jambo sijamwambia mtu," akanong'ona. "Jana jioni niliona."

"Uliona... nini?"

"Barabara. Ukungu. Kisha mzee juu ya magunia, kajikinga uso. Midomo yake inacheza, ananitazama mimi. Nami nilikuwa hapahapa kitandani." Vidole vyake vikakaza. "Anord, nilikuwa natazama kutoka wapi?"

Nje upepo ulivuma, na koti likasikika likianguka chini.

Mwanga mweupe ukaingia dirishani, nyuma ya Anord, ukajaa chumbani.

Macho ya Jailos hayakupepesa.

"Sasa naona dirisha," akasema polepole. "Na mgongo wako."