Ndoo ya Mkwe

Asubuhi Mama alirudi kutoka kijitoni na migono yake miwili, ile mitego ya kusuka ambayo ndiyo kazi yake. Mgono wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili ulikuwa na mkia-mwekundu mmoja, samaki wetu wa asili, mwembamba kama kijiti, na samaki mgeni mdogo, tumbo limemjaa.

"Mikia-myekundu wamehamia wapi?" Mama aliuliza. "Mwanangu, mimi sina kazi nyingine. Nitakula nini?"

Samaki hao ndio walionisomesha.

Mume wangu alikuwa uani akichomelea geti. Alisikia, akazima mashine. Huyu bwana mbele ya mkwewe hana mdomo. Yeye ni "ndiyo, Mama" tu. Nikamwona anachukua ndoo, anakwenda nyuma ya nyumba kwenye bwawa lake la samaki wa kufuga. Ni samaki walioletwa kutoka mbali, wanakua upesi. Alipotoka na ndoo imejaa, nikamzuia.

"Unawapeleka wapi?"

"Sss! Kijitoni. Mwaka jana nilimwaga ndoo moja, iwe zawadi ya siri kwa Mama. Labda ilikuwa ndogo."

Moyo ulinilipuka. Samaki mitegoni walianza kupungua mwaka jana huo huo!

Nikaishika ndoo. Akavuta, nikavuta. Tukalowa wote wawili.

"Jamani, mnagombania supu?" Alikuwa jirani yetu, afisa uvuvi. Sisi humwita Bibi Samaki. Nilipomweleza, kicheko kikamwisha.

"Iweke chini, mbali na maji. Nipeni kisu, na wale samaki wa Mama."

Mama akatoka nao, naye akawapasua. Tumbo la mgeni lilijaa wadudu wa maji, majani laini na mayai ya samaki. Tumbo la mkia-mwekundu lilikuwa na mdudu mmoja tu.

"Mnaona? Chakula chao ni kimoja," alisema. "Hata mawe ya kutagia ni yale yale. Ni wapangaji wawili, chumba kimoja, chungu kimoja. Na huyu mgeni anakula hadi mayai ya mwenzake. Nani atashindwa?"

"Lakini samaki si samaki tu?" mume wangu alisema. "Mama si angevua hao wageni?"

"Wakikua, mdomo wa mgono hauwatoshi. Tena wenyeji wakiisha, hatuna pa kuwapata tena."

Mume wangu aliinama. Kisha akamgeukia Mama. "Ni mimi, Mama. Niliwamwaga mimi."

Mama aliiokota migono yake, akaitundika ukutani. Afadhali angefoka.

Bibi Samaki akatazama juu. "Wingu hilo hapo. Bwawa likifurika, watatoka wote."

Hofu ikatutoa pale mbio. Mume wangu alichomelea fremu, akafunga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji. Mimi na Mama tulibeba udongo kwa karai, tukainua kingo. Mvua ilitukuta na majembe mkononi. Tulisimama tukitazama maji yakipanda, yakipanda. Yalikoma shubiri moja tu chini ya ukingo.

Baada ya hapo Bibi Samaki alipita kila nyumba. Samaki wa kufuga wasimwagwe kijitoni. Mgeni akivuliwa asirudishwe majini, aliwe. Mume wangu ndiye aliyeongoza kuwavua wale wakubwa kwa nyavu. Kuwamaliza wote hatukuweza, ila walipungua.

Mvua za mwaka uliofuata, Mama alirudi na mgono mzito. Si kama zamani, lakini mikia-myekundu walikuwemo, wanene. Aliwapika mwenyewe, akamwekea mkwewe sahani ya kwanza.

"Kula, baba," alisema. "Ila siku nyingine ukitaka kunipa zawadi, niletee sukari."

"Ndiyo, Mama," mume wangu akajibu.