Kichwa Kilichonyolewa Mara Tatu

Fundi cherehani alirudi nyumbani jioni, miguu imechoka kwa kukanyaga pedali. Mwanawe wa miezi mitano, aliyeshinda na mama mkwe wake, alikuwa analia, na mwili ulikuwa wa moto. Joto lote lile, bado amevalishwa kofia ya sufu. Fundi akaivua, na hasira zikampanda. Kichwa kilikuwa kipara kitupu. Juu ya sikio palikuwa na mkato uliovimba, unatoa usaha.

"Mama, umemnyoa tena?" akamuuliza mama mkwe.

"Juzi," mama mkwe akajibu. "Nywele zake nyepesi mno. Zikinyolewa ndiyo zinajaa. Hii ni mara ya tatu."

"Kwa wembe gani?"

"Ule wa kwenye kikapu chako cha nyuzi."

Ule wa kufumulia mishono, umeshika kutu.

"Ule hata kitambaa kizuri nakikinga nao, Mama. Wewe umeupitisha kichwani kwa mwanangu. Kisha ukanificha kwa kofia siku mbili."

Akambeba mtoto, akatoka mbio kwenda zahanati. Mama mkwe akafuata nyuma, amenuna.

Muuguzi alisafisha kidonda, akatoa dawa, akatazama kadi ya chanjo. Naye alikuwa amekasirika.

"Wembe mchafu huleta pepopunda. Bahati yenu amechanjwa. Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Nywele zijae," mama mkwe akasema.

"Hazijai kwa wembe. Nywele huota kutoka chini ya ngozi, na wembe haufiki huko. Ukinyoa, ncha inabaki butu, ndiyo maana zikirudi unaziona nene. Za uchanga huanguka zenyewe, kisha huota nyingine, kama alivyorithi."

"Mimi nilinyolewa mara saba."

"Zikajaa?"

Mama mkwe akashika kilemba chake. Fundi alijua chini yake mna vinywele vya kuhesabika. Siku nyingine angemwonea huruma. Siku hiyo hakuweza.

"Mkitaka kupunguza, tumieni mkasi safi, taratibu," muuguzi akamaliza. "Na akikatwa, mleteni siku hiyo hiyo."

Homa ilishuka siku ya tatu. Kidonda kilichukua wiki mbili kupona.

Mtoto alipotimiza mwaka, nywele zilikuwa bado nyepesi, laini, safi. Jirani mmoja akazitazama, akacheka.

"Bibi, huyu si mumnyoe zijae?"

Bibi akampakata mjukuu wake.

"Nilimnyoa, akataka kufa mikononi mwangu," akasema kwa ukali. "Ukija hapa, usimguse kichwa."