Laini Niliyoichora Ilipita Juu ya Nyumba ya Tata

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Makongeni hapa Thika, na nina msichana mmoja anayeitwa Njeri. Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi katika kampuni ya umeme ya eneo letu, kwenye ofisi ya kupanga njia za laini kubwa. Sisemi zile waya za milingoti zinazokuletea stima nyumbani. Nasema zile za minara ya chuma, zinazobeba moto mwingi kutoka mji hadi mji.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Watu huniambia niombe, ati hasira itaisha. Nimeomba… na haijaisha.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Aliyenichukua ni mdogo wake, Nyokabi, ambaye mpaka leo namwita Tata. Tata hakuolewa na hakuzaa. Alifanya kazi kiwanda cha nguo, akirudi jioni na pamba kwenye nywele, na kwa mshahara huo alinisomesha mpaka nikajua kusoma ramani. Maisha yake yote aliishi chumba kimoja cha kupanga. Choo cha kushiriki, mfereji wa kushiriki, na kila landilodi mpya na amri zake. Alikuwa na hamu moja tu hapa duniani… kufungua mlango ulio wake.

Mume wangu Kamande ni dalali wa mashamba, ofisi yake iko Ruiru. Mdomo wake ni mtamu, hilo nililijua kabla hajanioa. Nilifikiri utamu huo ni wa wateja. Kumbe nami nilikuwa mteja!

Tulikuwa na ploti Kalimoni. Tuliinunua pamoja, ila hati iliandikwa jina lake.

Sasa sikilizeni ilivyoanza. Mkubwa wangu kazini, Injinia Mutua, alinipa kazi ya kupanga laini mpya kutoka upande wa Thika kuelekea Ruiru. Nilichora njia tatu tofauti. Kisha nikavaa buti, nikazitembea zote kwa miguu, nikiandika hapa pana shule, hapa pana kanisa, hapa pana timbo la mawe ambapo mnara hauwezi kusimama. Njia moja ndiyo iliyosumbua watu wachache. Mutua aliikubali.

Siku nilipoweka kona ya mwisho kwenye kompyuta, niliona ule ukanda wa laini, mita ishirini kila upande, umekata ploti yetu katikati.

Sheria ya ofisi ni rahisi. Laini ikigusa mali yako, unaandika barua, kazi inapewa mtu mwingine. Na ramani haitoki nje mpaka wananchi waitwe kwenye mkutano, kwa sababu wajanja wakijua mapema, wataanza kuuziana mashamba kwa uongo. Niliijua sheria hiyo kama jina langu. Lakini barua sikuandika. Nilimwambia mume wangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, tukila githeri. Nilimwambia stima itapita Kalimoni, kwetu, na pale hapatajengwa nyumba tena, labda tupande mahindi na maharagwe. Hakushtuka. Aliuliza ni nani mwingine anajua. Nikasema ni watu watatu ofisini. Akanawa mikono polepole, akasema nisiwe na wasiwasi, tutangoja tulipwe fidia kama watu wengine.

Nilimwamini. Si alikuwa mume wangu?

Wiki chache baadaye alinijia asubuhi nikitafuta viatu vya Njeri, gari la shule likipiga honi nje. Alikuwa na karatasi. Alisema anataka kuweka hati ya ploti benki achukue mkopo wa kuongeza hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, pale ofisini kwake, na mke lazima akubali. Niliweka sahihi nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya friji, kiatu kimoja mkononi.

Sikusoma. Mimi, mtu wa kusoma ramani hadi kigingi cha mwisho cha mpaka wa shamba… sikusoma karatasi moja!

Ikapita miezi miwili. Jumapili moja baada ya kanisa, Tata akaja kwetu bila kupiga simu. Alikuja na jogoo mzima na ndizi kwenye kiondo, na amevaa ile nguo ya harusi za watu. Alinikumbatia mlangoni, akaanza kulia. Nikafikiri amefiwa.

"Mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Fundi amemaliza msingi. Kamande aliniambia ni wewe ulisema nipunguziwe bei kwa sababu nilikulea. Aliniambia nisikushukuru kwanza mpaka nianze kujenga, eti unaona haya. Nimeshindwa kungoja."

Nilimwuliza msingi gani. Akacheka. Akasema ule wa Kalimoni, kwenye ploti yenu… sasa ploti yake.

Jamani! Pesa zake zote za kustaafu! Miaka thelathini ya kiwandani imelala chini ya nyaya nilizozichora kwa mkono wangu mwenyewe.

Na hapa ndipo dhambi yangu inapoanza, wasomaji. Msinihurumie bado. Tata alikuwa amesimama mbele yangu. Msingi ulikuwa msingi tu, kuta hazikuwa zimepanda. Neno moja lingetosha. Lakini Kamande alikuwa ametokea nyuma ya kochi, ananiangalia. Nami nikamwambia Tata, "Karibu nyumbani." Nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Tata alipoondoka nilimkabili mume wangu. Nilimwita mwizi. Nilimwambia arudishe kila kitu kesho, au nimwambie Tata ukweli. Hakupandisha sauti hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Mwambie," akasema. "Mwambie na mkubwa wako pia, kwamba ulitoa siri ya ofisi na ukaweka sahihi tuuze. Utafutwa kazi kabla ya saa nne. Alafu Njeri atasoma na nini, Mama Njeri?"

Hapo ndipo nikajua ile karatasi ya juu ya friji haikuwa ya benki.

Nilinyamaza. Siku moja, wiki moja… wiki saba! Kuta zikapanda. Tata alikuwa akinitumia picha kwa simu, mstari kwa mstari wa mawe. Kuta zikafika lenta, juu ya madirisha. Mabati yakaezekwa, rangi ya maruni. Mimi najibu, "Inapendeza, Tata." Nikimaliza kujibu naenda choo cha ofisini kulia.

Nilijaribu kujiokoa kwa njia ya wizi. Nilifungua ile ramani, nikasogeza kona moja, laini ikapinda upande wa Witeithie na kuikwepa nyumba ya Tata. Niliandika sababu ya uongo, ati udongo pale Kalimoni ni tepetepe na hauwezi kubeba mnara. Kisha nikaenda kuutembea ule upande mpya. Nikakuta nasari ya watoto, uwanja wao wa kuchezea ukiwa katikati kabisa ya ukanda. Nikakuta mama anaanika nguo mbele ya nyumba yake. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimepotea njia.

Nikarudi ofisini. Nataka kuwaambia kwamba nilifuta ile kona kwa sababu ya huyo mama, lakini siwezi kuwadanganya tena. Niliipeleka kwa Mutua hivyo hivyo.

Aliiangalia kwa dakika nyingi. Kisha akasema, "Udongo huu tuliupima na tukaupitisha. Kuna kitu unataka kuniambia?"

Nikasema hakuna. Akairudisha laini mahali pake. Hakuniuliza tena, lakini kuanzia siku hiyo hakunipa kazi mpya.

Siku ya mkutano ikafika. Chifu aliwaita watu wote wa njia ile kwenye uwanja wa ofisi yake, na kampuni ikaleta hema, viti na ramani kubwa ya ukutani. Kwa sababu mimi ndiye niliyeichora, mimi ndiye niliyepaswa kuieleza. Tata alikuwa amekaa mstari wa pili, na kitambaa cha akina mama wa kanisa kichwani.

Wazee walikuwa na hasira. Mmoja alisema hawa watu wa stima ni waongo, wanapitisha laini kwa maskini na kuyazunguka mashamba ya matajiri. Watu wakaanza kupiga kelele. Hapo Tata akainuka. Aliinuka kunitetea mimi.

"Huyu ni mtoto wangu, nimemlea mimi," akawaambia. "Ploti yangu nimeuziwa na yeye na bwanake. Hawezi kuniuzia mahali nyaya zinapita. Mwacheni aongee, mtaona hana ubaya."

Watu wakatulia. Wote wakaniangalia.

Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa nimezoea. Lakini Tata alikuwa bado amesimama kwa ajili yangu. Nilichukua kijiti cha kuonyeshea, nikakiweka juu ya nambari ya ploti yake. Nikasema laini inapita hapa, juu ya ile nyumba ya mabati ya maruni. Nikasema mume wangu aliijua njia kabla ya kuuza kwa sababu mimi nilimwambia. Nikasema sahihi ya kuuza ni yangu. Karani wa mkutano alikuwa anaandika, na Mutua alikuwa ameinamisha kichwa.

Tata hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu msingi, Tata."

Akakaa chini. Mama aliyekuwa kando yake akamshika mkono, naye akautoa mkono wake taratibu, akaondoka uwanjani peke yake. Sitawahi kusahau mgongo ule.

Wiki hiyo hiyo nilifutwa kazi. Sikukata rufaa, nilistahili. Kampuni ilimlipa Tata fidia ya ardhi kama wengine, lakini nyumba ilijengwa baada ya njia kupimwa, kwa hivyo ikakataliwa. Ikabidi ibomolewe. Tata aliwaita mafundi wale wale walioijenga, wakashusha mabati na kuyabomoa mawe ili ayauze. Nilienda kusaidia. Hakunifukuza wala hakunisalimia. Nilibeba mawe kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, na jioni aliwalipa mafundi, akafunga lango la miti, akapita mbele yangu kama mtu anayempita mgeni.

Sasa amerudi Makongeni, chumba kimoja, choo cha kushiriki. Njeri akimpigia anashika simu, wanacheka. Mimi nikipiga, inalia mpaka ikatike.

Na Kamande? Tuliachana. Hadwea yake Ruiru imejaa bidhaa na anaendelea kuuza mashamba. Tata amemshtaki mahakamani Thika, na mimi ni shahidi wa Tata. Wakili wa Kamande amesema mbele ya hakimu kwamba mke aliijua laini, mke akaweka sahihi, mke akanyamaza. Nilikaa pale nikitaka kumrukia… lakini nijibu nini? Kila neno ni kweli! Na kesi imeingia mwaka wa pili.

Namchukia yule mwanamume. Nasema wazi, wachungaji mnisamehe. Lakini usiku na mchana nimepima kosa lake na langu, na nimekuja kuona jambo ambalo sikutaka kuliona. Tata hakuwahi kumwamini Kamande. Aliponunua, alinunua kwa sababu aliambiwa ni mimi nimesema. Kamande alimdanganya kwa jina langu, nami nikaliacha jina langu lifanye kazi hiyo wiki saba.

Mabibi mnaosoma haya, msiweke sahihi kwenye karatasi msiyoisoma, hata kama gari la shule linapiga honi mpaka betri iishe. Na wewe uliye na kazi ya ofisi, unayejua barabara itapita wapi, bomba litapita wapi, stima itapita wapi, usiipeleke siri hiyo mezani kwako, hata kwa mtu unayelala naye kitanda kimoja.

Lakini ukishakosea kama mimi, na yule utakayemwumiza amesimama mlangoni kwako akikushukuru… tafadhali, nakusihi, usiende jikoni kuchemsha chai. Mwambie pale pale mlangoni. Atakulaani, utapoteza kazi, utalia. Lakini atakuwa bado na pesa zilizobaki mkononi, na siku moja anaweza kukushikia simu.