Vumbi la Kinu cha Mawe

Mwaka 1952 Mihayo alikuwa akifanya kazi katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Kazi yake ilikuwa kutia mawe kwenye kinu. Kila jioni alirudi nyumbani mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Mkewe, Mbuke, alilikung'uta shati lake mlangoni.

Mwaka wa sita wa kazi hiyo Mihayo alianza kukohoa. Akitembea kidogo tu, alihema.

"Baba Mageni, umerogwa," alisema Mbuke. "Twende kwa mfumu, atupigie ramli."

"Na Makoye je? Tunafanya kazi pamoja, naye anakohoa. Karogwa na nani?"

Wakaenda kwa Bwana Januari, mganga wa zahanati. Yeye akampeleka Mihayo hospitali kupigwa picha ya kifua. Majibu yalipofika, akawaita wote wawili.

"Si kifua kikuu, wala si uchawi," alisema. "Ni vumbi la mawe. Ukilivuta linaingia mapafuni, linaacha makovu."

"Lakini mimi hufunga kitambaa puani!"

"Kitambaa hakitoshi. Vumbi baya zaidi ni jembamba mno, hata macho hayalioni."

"Basi nipe dawa, Bwana."

"Sitakudanganya. Makovu hayana dawa. Lakini ukitoka kwenye vumbi sasa, unaweza kuishi miaka mingi. Na wenzako wataokoka. Mawe yakimwagiwa maji, vumbi halipandi."

"Na shati lake?" aliuliza Mbuke.

"Usilikung'ute tena, mama. Liloweke majini, usije ukavuta vumbi na wewe."

Mihayo aliogopa kufukuzwa kazi. Hata hivyo, kesho yake yeye, Makoye na wenzao tisa walikwenda kwa msimamizi na barua ya Januari.

"Maji yatachelewesha kazi," alisema msimamizi baada ya kuisoma.

Mihayo alitaka kujibu, kikohozi kikamkamata. Akainama, akashika ukuta. Kilipotulia alisema, "Bwana, mimi nimeshaumia. Hawa bado."

Msimamizi akaichukua barua, akaisoma upya.

Baada ya mwezi mmoja, bomba la maji liliwekwa juu ya kinu. Mawe yakasagwa yakiwa yameloa. Mihayo akahamishiwa stoo, mbali na vumbi.

Mwaka uliofuata picha ya kifua cha Makoye ilitoka safi. Mihayo hakupona kabisa, lakini hakuzidiwa. Baada ya mavuno alikaa na wenzake kucheza wigashe, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa kukaa na kuimba. Mbuke alimtazama kwa wasiwasi. Mihayo akaimba wimbo wote, mpaka mwisho.